Nikon P900 na D5600 kwenye begi moja

Nianze na hukumu, maana najua wengine wataishia aya ya kwanza. Kama huna mpango wowote wa kununua lenzi ya pili, na kinachokuvutia ni vitu vilivyo mbali, nunua kamera ya daraja, ile yenye lenzi moja ya kuvuta mbali isiyobanduka. Kama unapiga picha za watu, hasa ndani ya nyumba au jioni, nunua SLR, ile yenye kioo ndani na lenzi za kubadilisha, lakini fedha ya lenzi ya pili iwe kwenye hesabu tangu siku ya kwanza. SLR ambayo lenzi yake ya mwanzo haijawahi kuvuliwa tangu itoke kwenye boksi ni mzigo tu wenye jina kubwa.

Mimi natumia zote mbili. Ya daraja ni Nikon Coolpix P900, iliyotoka mwaka 2015. SLR ni Nikon D5600 ya mwaka 2016, na ninayo pamoja na lenzi tatu: ile ya 18-55mm ambayo kwa kawaida huja na kamera yenyewe, ya 70-300mm, na ya 50mm yenye tundu la f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana na mwanga ni mwingi). Kwa kuwa zote ni za kampuni moja, menyu zinafanana na rangi hazipishani sana, hivyo ninapozilinganisha najua ninalinganisha aina za kamera na si ladha za watengenezaji wawili. Ninachopenda mwenyewe ni ndege. Kazi niliyopewa na ndugu zangu bila mshahara ni watoto: maigizo yao ya shule na mechi zao. Ndege na watoto wana tabia moja, hawatulii, lakini kwa kamera ni mitihani miwili tofauti kabisa.

Ukiziweka mezani unaweza kudhani ni mtu na mdogo wake. Zote nyeusi, zote zina mshikio mnene wa mkono wa kulia, gurudumu lenye P, S, A na M juu, skrini inayokunjuka na kitundu cha kuchungulia. Watu wengi hudhani P900 ndiyo kubwa yenye uwezo zaidi, kwa sababu ni nene na lenzi yake ina kishindo. Ina gramu 899. D5600 ikiwa na betri na kadi ni gramu 465 tu. Ukiifunga 18-55 yenye gramu 205 bado ni nyepesi kuliko ile inayosifiwa kuwa ya kusafiria. Mambo yanageuka ukibeba kila kitu. Ongeza 70-300 ya gramu 415 na 50mm ya gramu 185, jumla inakuwa gramu 1,270, na hapo hujahesabu begi lenye vyumba vyake wala ile shughuli ya kubadilisha lenzi huku upepo unapuliza.

Tofauti yenyewe iko ndani. Kwenye SLR mwanga unaingia kwa lenzi, unagonga kioo kilichoinama nyuzi 45, unapanda juu, unageuzwa na vioo vingine na kutokea jichoni mwako. Unachokiona ni kitu chenyewe. Ukibonyeza, kioo kinaruka, shata, yaani pazia la mwanga, inafunguka, kihisi kinachonasa picha kinapata mwanga wake, kioo kinarudi chini. Ule mlio watu wanaoupenda ni wa purukushani hiyo. Kamera ya daraja haina kioo. Kihisi kinatazama muda wote, na unapochungulia unatazama kiskrini kidogo cha kielektroniki. Kina faida yake: picha ikielekea kuwa nyeusi unaiona ikiwa nyeusi kabla hujabonyeza. Lakini kwenye P900 kiskrini hicho kina nukta 921,000, na giza likiingia kinajaa chembechembe na kuanza kusuasua nyuma ya tukio. Ndugu yake mkubwa, P1000 ya mwaka 2018, alipewa nukta milioni 2.36, na tofauti inaonekana mara moja ukiweka jicho.

Kitundu cha D5600 nacho si cha kujivunia kupita kiasi. Kinaonyesha asilimia 95 tu ya fremu, kwa hiyo mara kwa mara unakuta kwenye picha kiwiko cha mtu ambaye ulipochungulia hakuwepo. SLR za ngazi ya juu, kama D500, zinaonyesha fremu nzima.

Sasa masafa, maana hayo ndiyo yanayouza kamera za daraja. P900 inavuta mara 83, kutoka 24mm hadi 2000mm kwa kipimo cha filamu ya 35mm. Milimita halisi za lenzi hiyo ni 4.3 hadi 357. Kihisi kidogo ndicho kinachozifanya 357 zifanye kazi ya 2000, na huo ndio ujanja wote wa kamera hizi. Si ulaghai. Udogo unaoiponza usiku ndio unaoipa mkono mrefu mchana.

Kuna mdiria mmoja ninayemfuatilia kwenye bwawa. Hupenda tawi kavu la upande wa pili, ambako hakuna njia ya kumsogelea. Kwa D5600 na 70-300 iliyovutwa hadi mwisho ninapata tawi, maji, majani, na ndege katikati ambaye lazima nimtafute. Kwa P900 ninapata ndege. Katika picha moja ameshika kisamaki na anakipigiza kwenye tawi kabla ya kukimeza. Matone yanaruka, na ukichungulia vizuri unaona lile jicho jeusi lina nukta moja ya jua. Picha hiyo nimeipiga bila stendi, viwiko vimeegemea ukuta mfupi. Uwezo wa P900 wa kutuliza mtikisiko ni jambo ambalo mtu haamini mpaka ashike mwenyewe: kwenye 2000mm, picha kwenye kitundu inaelea taratibu badala ya kurukaruka.

Wenye SLR huwa wanasema, “Si ukate tu picha?” Haya, tupige hesabu. Lenzi ya 300mm kwenye kihisi cha D5600 ni sawa na 450mm. Ukiikata picha yake hadi ifikie mtazamo wa 2000mm, megapikseli 24.2 zinabaki kama 1.2. Hiyo ni picha ya kutuma kwa simu na kuishia hapo. Ukinunua lenzi ya 600mm, ambayo kwenye D5600 inakuwa sawa na 900mm, baada ya kukata zinabaki kama 4.9, na hapo ndipo mashindano yanapokuwa ya kweli. Maana megapikseli 16 za P900 ikiwa imevutwa hadi mwisho si 16 kamili: tundu limebana hadi f/6.5, pikseli ni ndogo mno, na mwanga unapopita kwenye tundu la namna hiyo hutawanyika kiasi kwamba nukta moja inagusa pikseli kadhaa. Hata lenzi isiyo na kasoro yoyote isingeikwepa fizikia hiyo. Kwa hiyo SLR yenye 600mm inaweza kukupa manyoya safi kuliko P900. Lakini lenzi ya Sigma ya 150-600mm, ile ya kundi la Contemporary, inakaribia kilo 2 peke yake. Hapo ndipo mazungumzo na wenye SLR huwa yanahamia kwenye mambo ya mgongo.

Kitu kingine ambacho namba hazikuambii: kwenye 2000mm kumpata ndege ndiyo kazi. Dirisha ni finyu sana; ndege akiruka tawi moja tu hujui kama kaenda juu au chini. P900 ina kitufe ubavuni mwa lenzi, na hiki ndicho kifaa ninachokipenda kuliko vyote vilivyomo. Ukikishikilia, lenzi inarudi nyuma, unaona eneo pana, unamwona ndege alikohamia, unamweka katikati, unaachia, na lenzi inarudi pale pale ilipokuwa. Kidole gumba cha kushoto kinazoea haraka sana. Nikishika kamera nyingine ya daraja isiyo na kitufe hicho, kidole kinakitafuta.

Halafu kuna hewa. Kwenye masafa marefu, jua likishapanda, joto linalotoka ardhini linafanya picha icheze, na hakuna kamera inayoweza kulirekebisha hilo. Wapo wanaonunua kamera hizi, wanapiga jengo la mbali saa saba mchana, kisha wanalalamika kuwa lenzi haina makali. Wajaribu alfajiri. Tena P900 ikivutwa hadi mwisho haikubali kulenga (yaani kukionyesha kwa ukali) kitu kilicho karibu zaidi ya mita 5. Ndege akikuhurumia akatua karibu yako, lazima urudishe lenzi kwanza, na ndege hawangoji.

Mwezi nao usisahaulike. Kwa 300mm kwenye D5600 mwezi mpevu unachukua kama moja ya sita ya kimo cha fremu. Kwa P900 unachukua kama theluthi mbili, na mashimo yake unayahesabu mmoja mmoja. P1000 yenye 3000mm inaujaza juu hadi chini, kiasi kwamba ukitetereka kidogo unaukata. Kama kuna mtoto nyumbani, mpe P900 usiku wa mwezi nusu, wakati vivuli vya mashimo ni virefu, kisha umwache.

Mpaka hapa mtu anaweza kudhani nimeshaamua. Basi twende ukumbini.

Ukumbi wa shule, jioni, taa za njano jukwaani, madirisha yamefunikwa. Watoto wamevaa mabawa ya karatasi na hakuna hata mmoja anayesimama alipoambiwa asimame. Ili mkono unaopungwa usitoke kama ukungu unahitaji shata ya 1/250 ya sekunde hivi. Kwa D5600 na ile 50mm kwenye f/1.8, ISO 1600 ilinitosha (ISO ni kiasi ambacho kamera inaukuza mwanga hafifu; ikipanda, chembechembe zinaongezeka). Ningebaki na 18-55, ambayo ikivutwa hadi 55 tundu lake haliwi pana kuliko f/5.6, mwanga unaoingia ungekuwa karibu mara kumi pungufu: kwa ISO ile ile, shata ingeshuka hadi 1/25, na kila mtoto anayesogea angekuwa mzimu. Kamera ni ile ile, kihisi ni kile kile. Kilichobadilika ni kipande cha gramu 185 mbele yake. Ndiyo maana nasisitiza habari ya lenzi ya pili. Faida kubwa ya SLR huipati kwenye boksi la kwanza.

P900 nayo nilikuwa nayo siku hiyo, nikajaribu. Ilipanda hadi ISO 3200, na mtambo wa ndani ukaanza kusafisha chembechembe kwa bidii zake zote. Ukitazama picha kwa ukubwa wa simu, haina neno. Ukiifungua kwenye kompyuta, ngozi imekuwa laini bila vinyweleo, nywele zimekuwa bonge moja jeusi, na herufi za bango lililokuwa nyuma zimeyeyuka kwenye kingo. Sababu iko kwenye vipimo. Kihisi cha P900 ni milimita 6.17 kwa 4.55, kinajificha chini ya ukucha wa kidole chako kidogo. Cha D5600 ni milimita 23.5 kwa 15.6, eneo kubwa mara 13. Megapikseli 16 zimebanwa kwenye kile kidogo, 24 zimetandazwa kwenye kile kikubwa. Mchana wa jua kali mwanga unawatosha wote wawili. Ukumbini kila pikseli inapigania chake.

Na P900 haitoi faili la RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata, JPEG tu. Kwa picha za mchana sijali. Kwa zile taa za njano najali sana, kwa sababu kwenye RAW ya D5600 nilivuta rangi hadi mashati meupe yakawa meupe, na kwenye JPEG ya P900 nilipofanya hivyo nyuso zikaanza kuwa na rangi ya kijivu. Warithi wake, P950 ya mwaka 2020 na P1000, wana RAW. Kama unanunua leo, ruka moja kwa moja hadi hizo.

Mpwa wangu, ambaye ndiye aliyenisukuma niandike haya, alikuja na swali lake limeiva.

“Shangazi, hii inavuta mara 83, na hiyo lenzi yako ndogo ya SLR inavuta mara 3. Sasa kwa nini unaitetea?”

“Mara 83 ya nini, mwanangu?”

Akanyamaza. Wengi hunyamaza hapo. Namba hiyo ni mwisho wa lenzi ukigawanywa kwa mwanzo wake, basi. 18 hadi 55 ni mara 3. Lenzi ya 600mm isiyovuta kabisa ni mara 1, na inamfikia ndege ambaye ile ya mara 3 haimuoni. Ukitaka kujua kamera inafika wapi, soma milimita za mwisho kwa kipimo cha 35mm. Ukitaka kujua itafanya nini jioni, soma ukubwa wa kihisi na namba ya f kwenye ncha ya mbali. Maandishi makubwa kwenye boksi yanakuambia cha tatu, ambacho hakuna aliyekiuliza.

“Nikitaka kupiga mpira?”

“Wa mchana au wa usiku?”

“Wa usiku, chini ya taa.”

“Basi unalo jibu.”

Mpira unanileta kwenye kulenga, na hapa SLR inashinda hata jua likiwaka. Nyuma ya kile kioo kikubwa kuna kioo kingine kidogo kinachopeleka sehemu ya mwanga kwenye kifaa maalumu cha kulenga. Kifaa hicho kinajua papo hapo lenzi izungushwe upande gani na kwa kiasi gani. D5600 ina nukta 39 za kulenga, inafuata mchezaji anayekimbia na kupiga picha 5 kwa sekunde bila kukata pumzi. P900 inapapasa: inasogeza lenzi mbele na nyuma ikitafuta mahali ambapo kingo zinaonekana kali zaidi. Kwa mdiria aliyetua inatosha kabisa. Kwa mwewe anayepita angani, mara nyingi inakuletea anga. Ikifyatua mfululizo inatoa picha 7 kwa kasi, kisha inajifungia kuzihifadhi, na lile bao unalolisubiri huja wakati imejifungia. Tena lenzi yake inavutwa kwa mota, kwa hiyo unabonyeza na kungoja. Kwenye 70-300 ninazungusha mkono mara moja na niko 300.

Kuna jambo moja ambalo wenye SLR hulikosea. Wanasema kamera ya daraja haiwezi kuyeyusha mandharinyuma. Karibu na mtu, kwa 24mm au 50mm, ni kweli: lenzi halisi ni ya milimita chache, na kila kitu kuanzia pua hadi ukuta wa nyuma kinaonekana wazi. Lakini rudi nyuma mita kumi na tano, vuta, mwambie mtu asimame mbali na miti iliyo nyuma yake, utapata mandhari laini yasiyo na vurugu. Tatizo ni kwamba kwa mita kumi na tano hamwezi kuongea, na picha nzuri za watu hutokana na maongezi. Kwa 50mm niko karibu vya kutosha kumwambia bibi harusi kuwa mtandio umeteleza.

Mengine nayapitia haraka. Betri: kwa vipimo vya kiwandani P900 hutoa picha 360 kwa chaji moja, D5600 hutoa 970, kwa sababu SLR haiwashi skrini unapochungulia. Ukinunua kamera ya daraja nunua na betri ya akiba. Wadudu na maua: P900 ikiwa haijavutwa hulenga hadi sentimita 1 kutoka kwenye lenzi, 18-55 inakwama kwenye sentimita 25, ila kwa sentimita 1 kivuli cha lenzi yenyewe kinamfunika mdudu, kwa hiyo tafuta mwanga wa ubavuni. Video: kwenye D5600 kioo kikipanda kitundu kinakuwa giza, unabaki na skrini, na kulenga kunapungua kasi, P900 ni rahisi zaidi kwa video za kawaida. Kelele: ukiwa mahali pa kimya, SLR kila mtu anaisikia.

Upande wa lenzi, mlango wa F wa Nikon, yaani pale lenzi inapofungwa, umekuwepo tangu mwaka 1959, wa EF wa Canon tangu 1987. Maana yake sokoni kuna lundo la lenzi zilizotumika. Ila angalia: D5600, sawa na D3500, haina mota ya kulenga ndani ya mwili. Lenzi ya zamani isiyo na mota yake itapanda, lakini utalenga kwa mkono. Na zile za kale kabisa zisizo na mawasiliano ya umeme, kamera haitapima hata mwanga. Muuzaji asiyekuambia hilo anakuachia uligundue nyumbani.

Kati ya hizi mbili kuna kundi ambalo watu hulisahau, na mimi naliona ndilo la maana zaidi kwa mtu anayetaka kamera moja tu maishani: kamera za daraja zenye kihisi cha inchi 1, yaani milimita 13.2 kwa 8.8. Eneo lake ni mara nne ya cha P900 na kama theluthi ya cha D5600. Panasonic FZ1000 ya mwaka 2014 ina lenzi ya 25-400mm yenye f/2.8 hadi f/4. Sony RX10 IV ya mwaka 2017 inakwenda 24-600mm kwa f/2.4 hadi f/4, inalenga kwa mbinu ya haraka inayokaribiana na ya SLR, na inapiga picha 24 kwa sekunde. Rafiki yangu aliniazima hiyo Sony, nikampiga nayo mwewe yule yule aliyeishinda P900. Kilo yake moja na ushee inachosha shingo, na bei yake haifanani na za wenzake, lakini siku niliyoirudisha niliirudisha polepole. Ukumbini bado 50mm inaishinda. Kwingineko kote ningeweza kuishi nayo.

Utasikia pia kwamba SLR zimekufa. Kwa upande wa kamera mpya kuna ukweli: Sony ilizifunga zake mwaka 2021, Canon na Nikon nguvu zao zote ziko kwenye kamera zisizo na kioo zenye lenzi za kubadilisha, na Pentax ndiyo iliyobaki ikisema itaendelea. Lakini D5600 yangu haijapata taarifa hiyo. Kinyume chake, wanaohama wanauza vifaa vyao, na lenzi zao nyingi zinaweza kuhamia kwenye kamera mpya kwa kutumia adapta ukiamua kuhama baadaye. Kamera za daraja nazo zilitabiriwa kumezwa na simu, na ndogo zake nyingi kweli zimemezwa, ila hakuna simu yenye 2000mm ya kioo halisi. Nikon wenyewe walitoa P1100 mwaka 2025.

Ukiamua kununua iliyotumika, ukaguzi wa aina hizi mbili haufanani. Kwa SLR uliza shata imefyatuka mara ngapi. Za ngazi ya chini huhesabiwa kwa takriban 100,000, na kwa Nikon namba hiyo inasomeka ndani ya faili la picha kwa programu za bure. Piga ukuta mweupe kwa f/16: madoa meusi ni vumbi kwenye kihisi, na hilo si la kuogopa, linapulizwa au kusafishwa. Kwa kamera ya daraja vumbi ni habari nyingine, kwa sababu lenzi ikitoka na kuingia inanyonya hewa, na kilichoingia hakitoki bila kamera kufumuliwa yote. Ielekeze angani, ivute hadi mwisho, piga, kisha tazama pembe za picha. Izime na kuiwasha mara kadhaa ukiwa umeiweka karibu na sikio: lenzi itoke kwa mlio mmoja ulionyooka, isigugumie, na isiyumbe ukiishika ncha. Ikigugumia hata mara moja mrudishie mwenyewe, hata akikupunguzia nusu.